Jicho Lisilouma

4 Machi

Mpwa wangu Bi Hadubini,

Leo ni tarehe nne Machi, mwaka wa thelathini na nane tangu nitoke huko. Nahesabu kwa sababu asubuhi karani wa kliniki aliniuliza, "Mzee, uko hapa tangu lini?" Nilipomjibu aliweka kalamu chini akasema, "Mimi nilikuwa sijazaliwa," kwa sauti ya kunilaumu, kama niliyetangulia kuja bila sababu.

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba sana. Natumai u mzima, kazi yako ya kuhesabu seli za macho ya watu inakwenda, na goti la mama yako limetulia. Mwambie dada yangu namsalimu. Mimi ni mzima wa kutosha. Mnauliza kwa nini nilikaa kimya. Ni jicho la kushoto.

Mwishoni mwa Januari nilikuwa nachonga muhuri wa shaba wa chuo cha wauguzi. Nilikuwa nimebakiza herufi moja. Nikavua lenzi nijifute jasho, kisha nikajiambia kwamba herufi moja haina haja ya lenzi. Miaka hamsini ya ufundi, mpwa wangu, na nikafanya kosa ambalo mwanagenzi wa wiki moja hukatazwa. Kipande cha shaba, kidogo kuliko chembe ya chumvi, kikaruka. Walikitoa siku ileile. Kikabaki kikwaruzo kwenye kile kioo cha mbele ya jicho ambacho wewe unakiita konea. Daktari akasema kitaziba kwa siku tatu. Hii ni wiki ya sita.

Kliniki yenyewe inanichosha kuliko jicho. Unafika saa moja asubuhi, unapewa namba ishirini na mbili, na wanaanza na aliyeshika arobaini kwa sababu ni shemeji ya mtu. Daktari ni kijana mwenye shingo nyembamba. Haniangalii mimi, anaangalia kadi yangu ya kisukari. "Mzee, nyayo zina ganzi?" Nikamwambia, "Daktari, jicho liko huku juu." Hakucheka. Nimerudi nyumbani na matone, mafuta ya macho, na hotuba.

Habari njema ni kwamba haliumi hata kidogo. Wiki ya kwanza lilichomachoma, sasa limetulia kabisa.

Nimekatazwa kusafiri mpaka kidonda kizibe. Mama yako asiingiwe na wasiwasi: mwezi wa nane uko palepale, na safari hii sitoi udhuru. Wale waliotaka kunifunga kwa ajili ya muhuri niliowachongea watu wapite mpakani wamekwisha kufa, au wamezeeka kama mimi na hawakumbuki walipoweka miwani. Nikija ni kuja moja kwa moja, kukaa. Chumba anachoniandalia kiwe kile cha nyuma, chenye dirisha linaloangalia kisima, nisikie ndoo asubuhi.

Usinipigie simu. Kwenye simu sina pa kufuta nikikosea.

Mjomba wako


19 Machi

Mjomba, shikamoo.

Huku sote hatujambo. Goti la Mama limepoa, ulimi ndio umeshika kasi. Barua yako niliisoma kwa sauti jikoni, na nilipofika pale pa "haliumi hata kidogo" Mama akasema, "Afadhali!" Mimi nikapiga meza mpaka mfuniko wa sufuria ukaanguka.

Mjomba, hakuna mahali mwilini penye mishipa ya fahamu iliyosongamana kama konea. Unywele mmoja ukiingia jichoni mtu mzima hulia. Wewe una kidonda cha wiki sita na husikii kitu, halafu unaniandikia kwamba ni habari njema. Jicho limetulia kama mlinzi aliyelala! Sukari ikikaa juu miaka mingi huichakaza mishipa hiyo, ya nyayo na ya macho vilevile, ndiyo maana daktari wako mwenye shingo nyembamba aliuliza habari za ganzi. Aliuliza swali la maana, ukamfanyia mzaha. Na mishipa ile kazi yake si kuumia tu. Ndiyo inayoilisha konea na kuihimiza ijizibe. Ikifa ganzi, kidonda kinakaa wazi hakina wa kukisemea.

Niandikie sukari yako, ya kabla ya kula na ya baada ya kula. Namaanisha ya kwenye kipimo, si ya kwenye matumaini. Halafu kila asubuhi funika jicho la kulia, nyoosha mkono ulioshika ukurasa wa chapa, unipe hesabu ya mistari unayoiweza kwa hilo la kushoto. Nikiona hesabu inashuka nitajua.

Mama anasema usafiri ukipona, si kabla. Na kuhusu kisima, anasema alishakuandikia.

Mpwa wako


6 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, na taratibu. Nilikuacha unatambaa ukila udongo, leo unanipigia meza.

Natumai mama yako hajambo, nawe umepata usingizi. Mimi nazidi kupata nafuu, kama utakavyoona.

Sukari ya asubuhi ni kumi na nne. Ya jioni husema maneno ambayo sitayarudia mbele ya mtoto wa dada yangu. Nimepunguza chai, nabaki na vijiko viwili. Ndiyo, vya sukari. Mtu amenyang'anywa nchi, msimnyang'anye na chai.

Kipimo chako cha kusoma nakifanya kila siku bila kukosa. Nafunika la kulia kwa kiganja, nanyoosha mkono, nasoma kwa la kushoto ukurasa mzima. Mistari thelathini na moja, tangu siku ya kwanza mpaka leo. Sikosi hata koma. Kwa hiyo yule kijana akiniambia kidonda kimepanuka nashindwa kumwelewa. Nilimwambia, "Daktari, mimi nasoma." Akasema, "Mzee, huku naona kidonda." Nikasema, "Na mimi naona ukurasa." Tukaachana hapo, kila mtu na anachokiona.

Jambo moja nikiri kabla hujalibaini. Yale mafuta hutia ukungu, na mimi nina muhuri wa mahakama wa kumaliza, mkubwa, wenye mizani na maneno ya kuzunguka. Huwezi kuchonga mizani ukiwa ndani ya wingu. Nimeyaacha siku za kazi. Siku za kazi ni sita.

Fundi viatu wa chini ananiambia jicho limekuwa kama nyanya iliyokanyagwa. Nilimwambia ashughulikie soli zake. Jirani huyu ana tabia ya kusema ukweli asubuhi kabla mtu hajanywa kitu.

Tena unapoandika nieleze kama unavyomweleza mtu aliyesoma. "Mlinzi aliyelala" ni maneno ya kumtishia mtoto.

Mjomba wako


22 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima. Wewe sijui, na hilo ndilo linaloniudhi, maana barua zako zote zinasema unapata nafuu.

Umetaka nikueleze kama mtu aliyesoma. Haya. Maabara yetu hupokea konea za marehemu ambao jamaa zao wamekubali kuzitoa. Kabla hazijashonewa mtu mwingine, mimi huhesabu seli zilizo hai. Natia rangi ya bluu. Seli hai huikataa, seli mfu huinywa. Konea ya mtu asiye na kisukari, chini ya hadubini, ni kama sakafu ya vigae vilivyopangwa na fundi mwenye haya: bluu moja hapa, moja pale. Ya mtu aliyeishi na sukari yako kwa miaka ishirini ni sakafu iliyohamwa. Vigae vimetanuka, vimepinda, na bluu imeenea.

Seli zina namna nyingi za kufa, lakini mbili zinakutosha. Moja ni ya adabu. Seli ikijiona haifai tena hujikunja, hujifunga vifurushi vidogo, na majirani humeza vile vifurushi kimyakimya. Mwili hufanya hivyo kila siku na hakuna anayejua kwamba kulikuwa na msiba. Nyingine ni ya fujo. Seli huvimba, hupasuka, humwagia majirani kila kilichokuwa ndani yake. Mwili ukiona hivyo hudhani kuna vita, hutuma askari. Ndipo jicho linapokuwa jekundu na kuvimba. Na askari hawa, mjomba, hawaulizi kitambulisho. Humaliza na waliokuwa wazima, hao nao hupasuka, wanaitwa askari wengine. Sukari nyingi huongeza vifo vya namna zote mbili, tena huzizuia seli mpya zisitambae kuziba pengo. Kwa hiyo usidhani kidonda chako kimekaa kukusubiri umalize mizani ya mahakama. Kila siku unayoyaacha mafuta kinajichimbia.

Lile tabaka la ndani kabisa la konea ndilo la kusikitisha zaidi. Halizai seli mpya za kutosha kuziba nafasi. Moja ikifa, zilizobaki hutanuka kufunika mahali pake, mpaka zishindwe kutanuka, na hapo kioo huingia ukungu kisitoke.

Mama alikuwa akimenya vitunguu wakati nakisoma hiki. Akasema, "Kama sisi tulivyotanuka alipoondoka yeye." Kisha akaendelea na vitunguu vyake. Sijui kama nafanya vizuri kukuandikia.

Sasa kuna jambo linaninyima raha tangu barua yako ifike. Jicho ni jekundu, kidonda kinapanuka, na mtu anasoma mistari thelathini na moja hasiti hata kwenye koma. Haiwezekani. Unasoma ukurasa gani?

Mpwa wako


7 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa jicho la kulia, kwa hiyo usianze.

Seli ya adabu nimeipenda. Yule wa fujo nimemfahamu pia, nimeishi naye miaka miwili katika kambi ya wakimbizi. Maneno ya mama yako yamenifika.

Mafuta nimeanza kupaka. Mizani ya mahakama imepinda kidogo upande mmoja, lakini karani aliyeuchukua muhuri hakuona, au ameona kwamba inafaa.

Swali lako ni la ajabu. Ukurasa gani? Ni ukurasa wa kwanza wa kitabu nilichotoka nacho huko ndani ya koti, hadithi ya hakimu na punda wake aliyemfanya shahidi. Ndicho peke yake nilichokuwa nacho kambini. Nilikichagua kwa kipimo chako kwa sababu chapa yake ni safi na ukurasa wenyewe naujua vizuri, hivyo sipotezi muda.

Chumba kikishapakwa rangi, mama yako aache dirisha wazi siku mbili tatu. Upepo wa upande wa kisima hukausha haraka.

Mjomba wako


20 Mei

Mjomba, shikamoo.

Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikakasirika, na kwenye kukasirika ndipo nilipobaki.

Hukuwa unasoma. Ulikuwa unakariri! Jicho lilikuwa gizani na kumbukumbu ikalisomea, koma kwa koma, na wewe ukampelekea daktari ushahidi huo kama hakimu na punda wake. Mwezi na nusu! Mgonjwa mwingine yeyote angechukua gazeti la jana, au karatasi iliyofungiwa sabuni. Ni wewe tu, msomi wetu, uliyeweza kulipima jicho kwa kitabu ulichokihifadhi kwa ghibu. Na mimi ni mjinga mwenzako, kwa kuwa sikukwambia ubadilishe ukurasa. Sikudhani mtu mzima angehitaji kuambiwa.

Mama anasema, na tuko hapohapo, kwamba barua zake unazisoma hivyohivyo. Nyumba ya Babu ilibomolewa mwaka wa kumi na tisa tangu uondoke, barabara ilipopanuliwa. Kisima kilifukiwa. Tunakaa ghorofa ya pili, na dirisha la chumba chako linaangalia ukuta wa gereji. Haya yote amekuandikia mara nne, na kila mara unajibu habari za ndoo. Kwanza alidhani unajua na unajifurahisha tu. Sasa ananiuliza mimi: "Huyu anasoma ninachoandika, au anachokijua?"

Ndani ya bahasha hii mna bahasha nyingine iliyofungwa. Usiifungue. Mpe fundi viatu. Asimame hatua moja mbele yako, ainue karatasi, nawe ufunike jicho la kulia kwa kiganja kilichobana, si kwa vidole vilivyoachana, nakujua. Nimeandika maneno sita, kila herufi kubwa kama kidole gumba. Yasome.

Ukishindwa, inuka uende hospitali palepale. Usichukue namba. Piga kelele.

Mpwa wako


30 Juni

Mjomba, shikamoo.

Ni wiki ya sita sina barua. Mama anakwenda mwenyewe posta na goti lake hilohilo. Nimepiga simu dukani kwako, inalia tu. Kama umekasirika andika kwamba umekasirika, mstari mmoja unatosha. Kama kuna jingine, mwambie fundi viatu aandike.

Mpwa wako


11 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Sikukasirika. Niliona haya, na mtu wa umri wangu akiona haya hunyamaza mpaka apate maneno ya kuifunika. Sikuyapata. Naandika hivyohivyo.

Natumai goti la mama yako halikuumizwa na ngazi za posta. Niombee radhi kwake.

Bahasha ilifika tarehe mbili Juni. Nilimpelekea fundi viatu akiwa na misumari mdomoni. Akaitema, akajifuta mikono, akaifungua kwa heshima kama wosia. Nikafunika jicho la kulia.

"Haya, anza," akasema.

"Umeshaifungua?"

"Iko mbele ya pua yako, mzee."

"Geuza upande wenye maandishi."

"Huu ndio upande wenye maandishi."

Nilikuwa naona weupe wa mlango na kitu cheusi ambacho nadhani alikuwa yeye. Karatasi sikuiona kabisa. Nikaondoa kiganja, na la kulia likanisomea: MJOMBA ACHA UBISHI NENDA HOSPITALI SASA. Fundi viatu alikuwa ameshafunga duka.

Hospitali wakanilaza siku ishirini na tatu. Konea katikati ilikuwa imebaki nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, siku chache zaidi ingetoboka na jicho lote lingemwagika. Kijana mwenye shingo nyembamba ndiye aliyenishughulikia. Alizishona kope zangu, ya juu na ya chini, kuanzia pembeni, akaacha upenyo wa matone tu, ili jicho lijifiche na kupumzika. Nilimwuliza kama ameshona suruali kabla ya kufika kwangu. Safari hii alicheka. Kisha nikamwambia kwamba swali lake la nyayo lilikuwa sahihi, na kwamba nyayo zangu zina ganzi mwaka wa sita. Akaandika kwenye kadi, akasema, "Asante mzee," kwa upole ulionikera kuliko kama angenigombeza. Maneno yale alistahili kuyasikia tangu Machi.

Sukari sasa ni saba, kwa sindano. Nanywa chai isiyo na sukari. Ni maji yaliyosingiziwa.

Nyuzi zitatolewa katikati ya Agosti. Safari ya mwezi wa nane haipo tena, unaliona hilo mwenyewe. Wamelipima na jicho la kulia, wamezihesabu seli zake kwa mashine. Majibu bado.

Mjomba wako


27 Julai

Mjomba, shikamoo.

Tumesoma barua yako tukiwa tumesimama. Mama alisema, "Yuko hai, mpumbavu yule," akakaa chini, akacheka mpaka akashika goti. Alitaka niandike neno hilo lilivyo. Nimeandika.

Mwambie fundi viatu kwamba katika nyumba hii anaombewa kwa jina la kazi yake.

Sasa sikiliza, kabla hujaanza kutafuta udhuru mwingine. Nyuzi zikitoka, subiri wiki tatu, panda ndege. Hospitali tunayo, madaktari tunao, na konea ikihitajika nitaihesabu kwa mikono yangu mimi mwenyewe, haitapita mbele yangu yenye kasoro. Ngazi ni za saruji, zina kishikio. Mama amesogeza kabati ili usijigonge, kisha akalirudisha, kisha akalisogeza tena, nimemwacha. Ametimiza sabini na moja. Miaka thelathini na minane amekuwa akiandaa chumba, mjomba, na kila mwaka kilikuwa na sababu ya kukaa bure. Mimi nimechoka kumsomea sababu.

Majibu ya jicho la kulia niandikie namba kamili.

Mpwa wako


19 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Natumai mama yako hajambo na kabati limepata makao. Leo asubuhi wamenitoa nyuzi.

Kidonda kimefunga. Kimeacha kovu jeupe katikati, na kwa jicho lile naona mwanga, na nikipungiwa mkono najua kwamba kuna mkono. Namba uliyotaka ni hii: la kulia lina seli elfu moja na mia moja mahali ambapo mtu wa umri wangu hutarajiwa awe na elfu mbili na ushee. Daktari amesema sukari ikibaki saba huenda nikapata miaka mingi, lakini mwisho wake ni ukungu. Nilimwuliza kuhusu kupandikizwa hilo la kushoto. Akanijibu kwamba jicho lisilo na mishipa hai hushindwa kuifunga hata konea mpya. Wewe hilo unalijua tangu Machi. Uliniandikia vile ili kunipa moyo, nimekushukuru, sasa tuache.

Nilipotoka kliniki nilifunga macho yote mawili kwa kitambaa, nikaingia nyumbani. Ngazi ishirini na mbili, ya saba imelegea. Mlango, msumari wa koti, meza, birika. Nikachemsha chai, nikamimina, haikumwagika. Nikashuka mpaka dukani. Patasi zangu ziko kwenye droo ya pili, ndogo kuanzia kushoto. Nilichukua kipande cha mpira nikachonga herufi moja kwa kuipapasa, ikatoka mbaya lakini inasomeka. Fundi viatu alikuwa mlangoni muda wote. "Mzee," akasema, "umeanza uganga?" Nikamwambia najifunza kazi. Hakuuliza zaidi. Alikaa akanitazama mpaka nikafungua kitambaa.

Kisha nikalitoa sanduku la barua za mama yako, nikaisoma ile ya mwaka wa kumi na tisa, polepole, mstari mmoja mmoja, nikizuia kichwa kisitangulie. Imeandikwa waziwazi. Ameeleza hata jinsi ukuta wa nyuma ulivyoanguka, na kwamba alichukua tofali moja akaliweka chini ya kitanda kwa ajili yangu. Nilikuwa nimeiweka alama ya kwamba nimeijibu.

Ningekuja mwaka wowote kati ya ile nikiwa na macho, ningejifunza nyumba yenu na njia zake. Nilichelewa, na hakuna aliyenichelewesha. Mji huo niliokuwa nauona kila siku haupo, na huo uliopo sitawahi kuuona. Nitakachokijua ni kuta zake, na kuzipapasa kuta nikiwa na miaka sabini na sita, nikiongozwa na dada mwenye goti bovu aliyekwisha kubeba mzigo wangu miaka yote hii, siwezi. Hapa nitakuwa kipofu anayejua njia.

Ukipata nafasi njoo wewe, wakati la kulia bado linaona. Nataka niione sura yako ya utu uzima.

Mama yako nitamwandikia mwenyewe kesho. Lakini nataka alisikie kwanza kwa mtu anayeweza kumshika mkono, kwa hiyo mketishe, umsomee. Kitanda akitoe. Asiache dirisha wazi.

Sitarudi.

Mjomba wako